Milo Mitatu kwa Mchana Mmoja Durban

Salma, Mama Brayani, na nyote mnaonisimamisha sokoni nikiwa na kikapu cha nyanya mkononi: nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake. Kila ninayekutana naye ana swali lilelile, "Mlishinda?" Nikijibu kwa neno moja anaondoka ameridhika, na mimi nabaki na safari nzima kooni. Kwa hiyo leo nimefunika cherehani, nawaandikia wote kwa pamoja. Mambo ya pasipoti na nauli sitayagusa, hayana utamu.

Mwanangu Zawadi anacheza besiboli. Najua mnacheka. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza nilipomwona anamrushia mwenzake mpira mdogo mgumu, na mwenzake kasimama na gongo kama anayengoja nyoka atoke shimoni. Lakini mtoto aliupenda mchezo ule mpaka akawa analala na glovu chini ya mto. Shida ilikuwa moja. Mji mzima wa Morogoro timu ilikuwa hiyo yao tu, watoto tisa, wavulana na wasichana, na timu ya besiboli ni watu tisa. Wakitaka mechi wanajigawa, wanne kwa watano. Zawadi, ambaye ndiye mrushaji wao, hakuwahi kumrushia mpira mtu asiyemjua jina.

Ndipo mwaka huu wa 2014 ukaja mwaliko wa mashindano ya Durban, ya watoto wasiozidi miaka kumi na minne. Zawadi alikuwa na kumi na minne tayari. Mwakani hawampokei. Nikajisemea, huyu mtoto acheze japo mechi moja ya kweli maishani mwake, basi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeshona sare zao, na kwa kuwa timu yenye wasichana inataka mama wa kuwaangalia, nikachaguliwa mimi.

Morogoro hadi Tunduma

Mnanijua, siwezi kukaa. Kwenye basi, kabla hatujafika Mikumi, nilikuwa nimeshabadili kiti mara kadhaa. Watoto walikuwa wametulia kuliko mimi. Mwalimu Lukindo, kocha wao, alikuwa anasoma kitabu cha sheria za mchezo huku anatafuna karanga taratibu, moja moja, na ile namna yake ya kutafuna ilinitia hasira bila sababu.

Nawaeleza habari za Mwalimu Lukindo mapema kwa sababu kila kitu kitamrudia. Ni mtu mwema, anafundisha hesabu, na hajui kukataa. Ukimwomba kitu atasema "Hakuna shida," hata kama shida imesimama mbele yake imevaa kofia. Iringa abiria mmoja alimwomba kiti cha dirishani, akampa. Makambako mwingine akamwomba amshikie mtoto, akamshika mpaka Mbeya. Mimi nilikuwa nakula mahindi ya kuchemsha na kumtazama, nikajua huyu mtu siku moja atatuponza.

Tunduma hadi Lusaka

Mpakani tulikwama. Askari mmoja alifungua mfuko wetu mrefu, akatoa magongo, akayapanga chini kwenye vumbi. Akatazama magongo, akatazama watoto, akanitazama mimi.

"Mama, mnaenda kupigana na nani?"

"Ni mchezo," nikasema.

"Mchezo wa magongo yote haya?"

Mwalimu akaanza kueleza sheria toka ukurasa wa kwanza. Jua lilikuwa kali, na madereva wa malori wakasogea kusikiliza. Nikaona tutalala pale. Nikamwambia Zawadi, "Mwonyeshe." Akavaa glovu, akampeleka mdakaji wake, Yusufu, umbali wa kutosha, akainua mguu wa kushoto mpaka goti likakaribia kifua, akarusha. Mpira ulipoingia kwenye glovu ya Yusufu ulitoa mlio, na wale madereva wakasema "Aaa" kwa pamoja. Askari akataka arudie. Akarudia. Askari akaomba ajaribu kupiga, akakosa, akakosa tena, kisha akatufungia mfuko mwenyewe kwa heshima.

Ule mguu unaoinuliwa muukumbuke. Mrushaji asipouinua, mpira wake hauna nguvu.

Lusaka hadi Johannesburg

Lusaka tulikula nshima na kisamvu cha karanga, watoto wakasema ni ugali wa nyumbani uliopewa jina jipya. Mama mmoja mfanyabiashara akamwomba Mwalimu Lukindo amwekee chini ya kiti chake gunia dogo la kapenta, wale dagaa wakavu wa maziwa ya huko. Mwalimu akasema hakuna shida. Dagaa wale walinuka njia nzima ya Zimbabwe. Watoto walijifunika nyuso kwa kofia zao mpya, mimi nikafungua dirisha, upepo ukaingia na vumbi, nikalifunga, harufu ikarudi. Mwalimu alikuwa anasoma kitabu chake.

Mipaka mingine tuliyopita usiniulize. Nakumbuka foleni, na mwanamke aliyetuuzia mayai ya kuchemsha yenye chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, na Zawadi akiuliza kila mara, "Mama, tutawahi?" Nikawa namjibu ndiyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Johannesburg hadi Durban

Johannesburg tulibadili basi tu. Barabara ya kushuka Durban inapita milimani, na huko juu tulikuta ukungu mzito mpaka dereva akawa anatambaa. Niliposhuka kunyoosha miguu kwenye kituo cha mafuta, manyunyu yalinipata usoni. Sikuyapenda. Besiboli haichezwi kwenye tope. Pale mrushaji anaposimama pakilowa, mchezo hakuna. Nilinunua maandazi ya huko, magwinya, makubwa kama ngumi, nikala mawili nimesimama. Kadiri tulivyoshuka ndivyo manyunyu yalivyogeuka mvua.

Durban, mvua

Ilinyesha tulipofika, ikanyesha kesho yake, ikaendelea. Kila asubuhi mtu wa mashindano alipiga simu, "Pole sana, leo hakuna mchezo." Mwalimu Lukindo akawa anatuambia subira yavuta heri. Yake ilivuta mvua.

Tulifikia hosteli ya kanisa, karibu na katikati ya mji. Zawadi alisimamisha godoro ukutani mwa korido akawa analirushia mpira, du, du, du, mpaka mlinzi akamwomba apumzike. Mimi nilizunguka. Nilikwenda baharini, nikakuta bendera ya kukataza watu kuogelea. Nilikwenda soko la viungo, nikanunua bizari ambayo sikuihitaji. Nyani wadogo waliingia dirishani wakachukua ndizi zetu zote na mkate mmoja, wakakaa ukutani wakala huku wananitazama.

Siku moja mimi na Mwalimu tuliwapeleka watoto dukani kwa Mhindi kula kile chakula ambacho kila mtu Durban anakisifia: robo ya mkate iliyotobolewa katikati ikajazwa mchuzi wa maharage au wa mbuzi. Watoto wakachota mchuzi wote kwa vidole, wakairudishia kaunta mikate mitupu, wakashukuru. Mwenye duka akaitazama ile mikate kwa huzuni. Kumbe sahani nayo inaliwa.

Siku hiyohiyo ndiyo tuliyompata Mama Furaha. Alitusikia tukiongea barabarani, akatoka kwenye saluni yake na kitana mkononi. Ni Mkongo wa Bukavu, ameishi pale miaka mingi.

"Muko batu ya Tanzania? Na hii batoto yote ni yako?"

Nikamwambia ni wa timu. Akatuingiza ndani tujikaushe, wateja wake wakasogea, na kabla hatujatoka alikuwa ameshamwalika kocha. "Siku ya samedi, mukuje kwangu kukula. Mukuje na uniforme, tupige photo."

Samedi yake ni Jumamosi. "Hakuna shida," akasema Mwalimu.

Habari zetu zikasambaa. Mtu aliyemsikia Mama Furaha akamwambia Otieno, kijana Mkenya anayesoma chuo kikuu, naye akaja hosteli na mwavuli. "Coach, Jumamosi ni kwangu. Napika chapo na madondo, na sitaki mtu aniambie ameshiba." Hakuna shida. Kisha akaja Salumu, mtu wa Tanga anayefanya kazi bandarini na kukaa Bluff, ng'ambo ya bandari. Huyo alikuja amenuna kabisa. "Dada," akaniambia mimi, "Watanzania mnakuja Durban mnakula kwa Wakongo na Wakenya, mimi mmenifanya nani?" Mwalimu akasema tutafika, Jumamosi, mchana, hakuna shida.

Nilimvuta pembeni. "Mwalimu, umewaahidi watu watatu mchana mmoja."

"Mama Zawadi, huwezi kumkatalia mtu chakula chake. Mmoja wao atapata dharura. Huwa inatokea."

Nasi ndivyo tulivyo, si yeye peke yake. Nyumbani mtu akikuambia karibu chakula unasema nitakuja, naye anajua kwamba huenda usije, na hakuna anayeumia. Lakini watu walio ugenini miaka yote hiyo wakisikia "nitakuja" wanakwenda sokoni.

Ijumaa jioni mvua ikakatika. Simu ikapigwa: uwanja bado ni tope, hata Jumamosi hakuna mchezo, poleni. Na Jumapili asubuhi basi letu lilikuwa linaondoka. Zawadi hakulia. Alikunja sare yake akaiweka juu ya begi. Mimi ndiye niliyekwenda kulia bafuni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nchi zote zile tumezipita, na mtoto wangu amecheza na godoro.

Durban, Jumamosi

Asubuhi ilikuwa na jua na upepo mkali. Watoto walivaa sare kwa ajili ya picha, suruali nyeupe na shati la buluu. Mwalimu akabeba na mfuko wa magongo, kwa kuwa aliogopa kuuacha hosteli. Kisanduku changu cha sindano nilikiacha chumbani. Kwenda kula nilihitaji sindano ya nini?

Kwa Mama Furaha meza ilikuwa imejaa kabla hatujakaa. Fufu, sombe, ambalo ni kisamvu chao, samaki wa chumvi, kuku. Alinishika mkono akaninong'oneza, "Kuku nilinunua kwa Muislamu ya hapa chini, juu nilisikia jina ya Yusufu na ya bengine. Bakule bila wasiwasi." Jambo hilo lilinigusa. Lakini alikuwa na sheria: "Hakuna mutu anatoka hapa na sahani iko na kitu." Watoto wakamaliza. Wakaongezwa. Wakamaliza.

Kwa Otieno tulipanda ngazi taratibu. Chapati zilikuwa zimerundikwa zimefunikwa taulo, maharage yanachemka, na wenzake wanne wa chuo walikuwa wamesimama kutupokea kwa mashati yaliyopigwa pasi. Ungekataaje? Vijana wa kiume waliojipikia chapati, wakakununulia na soda. Nilimwona Zawadi akila chapati ya pili kwa macho ya mtu anayefanya mtihani.

Salumu alitukodia gari mpaka Bluff. Huko tulikuta pilau, samaki wa kupaka na kachumbari, na mkewe amevaa nguo ya sikukuu. Watoto hawakuongea tena. Nilikuwa siwezi kukaa hata pale, nikasimama mlangoni na sahani yangu, nikihisi ule upepo, na kitu kinanisumbua nisijue nini.

Simu ya Mwalimu ikalia. Akasikiliza, akasimama, mchele ukadondoka.

"Uwanja umekauka," akasema. "Upepo umeukausha. Wametupa mechi moja. Sasa hivi. Tusipotokea wanaifuta."

Zawadi alinyanyuka kwanza. Akasimama wima, akashika tumbo, akakaa tena, akanyanyuka tena. Mke wa Salumu akatazama samaki ambao hawajaguswa. Mwalimu Lukindo alimtazama yule mama, akatazama mlango, na nikaona kwamba akiambiwa "maliza kwanza" atasema hakuna shida.

"Shemeji," nikamwambia yule mama kabla yeye hajafungua mdomo, "samehe. Tunaondoka." Sijawahi kuondoka mezani mwa mtu namna ile.

Akanitazama kidogo. Kisha akamwita mumewe. "Salumu, beba sufuria. Tunakwenda nao."

Uwanjani

Wapinzani wetu walikuwa vijana wa hapohapo Durban, warefu, wepesi, na kwa namna walivyokuwa wanaangalia sufuria la Salumu nilijua hawajala. Mwalimu alikuwa amewapigia Mama Furaha na Otieno njiani, ili waje kushangilia. Walikuja. Mama Furaha alikuja na sombe lililobaki, Otieno na chapati.

Wakakutana pale nyuma ya benchi, wote watatu, vyombo mkononi. Wakatazamana vyombo.

"Coach," akasema Mama Furaha polepole, "mulitoka kwangu, mukaenda kwa huyu?"

"Na kwangu?" akauliza Salumu. "Kwangu mlikuja mmeshakula?"

"Mara mbili," akasema Otieno, ambaye hesabu aliipata haraka. "Coach, wewe uko na moyo ngumu."

Mwalimu Lukindo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza "hakuna shida" haikutoka. Akaokolewa na filimbi.

Sasa niwaambie ilivyokuwa. Ilikuwa vibaya. Watoto wetu walikimbia kama wajawazito. Zawadi alisimama pale katikati, na mpira wake, ule uliowafanya madereva wa malori waseme "Aaa", ulikuwa unakwenda kama umechoka. Wale vijana waliupiga wanavyotaka. Wakazunguka vituo, wakarudi walipoanzia, pointi, wengine tena, pointi. Nikaacha kuhesabu kwenye tisa. Nilimchukia Mwalimu, nikawachukia wenye sufuria, nikajichukia mimi niliyesema kwa sauti ya kujua kwamba tutawahi. Mechi yake moja ya maisha, na tumeijaza fufu.

Walipopumzika alikuja moja kwa moja kwangu. Uso ulikuwa umelowa jasho.

"Mama, siwezi kuinua mguu. Suruali imenibana kiunoni. Fungua."

Nikamtazama vizuri. Kifungo kilikuwa kinapigania maisha yake. Kumbe si mkono uliokuwa umechoka.

Ninyi mnanijua kazi yangu. Nguo ya mtoto siikati pembeni kabisa. Naacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, kila mahali, kwa sababu mzazi wa Morogoro hanunui nguo ya mwaka mmoja. Kiunoni pale nilikuwa nimeacha vidole viwili kila upande. Ila sindano ilikuwa hosteli.

"Nani ana sindano?" nikasema. "Yeyote."

Mama Furaha aliweka sombe chini, akafungua mkoba wake. Akatoa sindano ile iliyopinda ya kushonea nywele za bandia, mkasi mdogo, na kidonge cha uzi mweusi. "Mimi siendagi mahali bila hii," akasema.

Mke wa Salumu na msichana mmoja wa timu wakamzungushia Zawadi kanga. Nikapiga magoti, nikafumua. Mshono wangu mwenyewe, mzuri, nikauchana kama adui. Mama Furaha alishona upande mmoja na mimi mwingine, yeye na mkono wa saluni, haraka, uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe. Otieno alikwenda kuwagawia wale wapinzani chapati ili wasiharakishe kurudi uwanjani, nao hawakuharakisha.

"Inua," nikamwambia Zawadi.

Akainua mguu. Goti likafika kifuani.

Aliporudi kusimama katikati, kijana wa kwanza alitikisa gongo lake akitabasamu. Zawadi akarusha. Mpira ukalia kwenye glovu ya Yusufu, na nyuma yangu Salumu akasema "Aaa", hajaambiwa na mtu. Mara tatu, na kijana yule akatoka bila kuugusa mpira. Akaja wa pili, akatoka. Wa tatu akautazama ule wa mwisho ukipita, hakutikisa hata gongo. Mama Furaha alikuwa ameshika kanga yangu na mimi nimeshika mkono wake, tunaumizana. Nililia pale, mbele za watu, wala sikwenda bafuni.

Kurudi

Mwanga uliisha, mechi ikaishia hapo. Tulishindwa vibaya sana. Haya, swali lenu nimelijibu.

Baada ya mechi timu zote mbili zilikula sombe, pilau na chapati zile kwenye nyasi, na wenyeji wetu watatu wakabishana nani mpishi bora mpaka giza. Mwalimu Lukindo aliwaomba radhi mmoja mmoja. Mama Furaha akamwambia, "Coach, mwaka ujao useme kwanza hapana, kisha tutaongea." Njiani kurudi, Lusaka, yule mama wa kapenta alikuwa stendi tena na gunia jingine. Mwalimu akavuta pumzi, akasema, "Mama, samahani, leo siwezi." Akatetemeka mpaka Mpika.

Jana Zawadi aliniletea ile suruali. Kuna msichana mdogo anayeitwa Asha ameingia timu, naye ndiye anayefundishwa kurusha. Zawadi mwenyewe ndiye anayemfundisha. Akaniambia, "Mama, ipunguze kiuno, Asha ni mwembamba."

Nimeipunguza kwa nyuma, iko hapa mezani. Nilitaka nitoe ule uzi mweusi nishone upya kwa mweupe, maana unaonekana vibaya, na fundi ana jina lake. Zawadi akaweka mkono juu ya mshono, akasema niuache. Kwa hiyo nimeuacha, na kitambaa cha ndani sijakikata.